Hita ndogo ya umeme msimu wa baridi: mwongozo kwa nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kule Kitulo, wilayani Makete, uwanda wenyewe umepita mita 2,500, na alfajiri za Juni na Julai majani huamka yakiwa meupe kwa jalidi. Mufindi, Ileje, Rungwe na sehemu za juu za Mbeya wanaijua baridi hiyo. Nyumba nyingi za huku, hata hivyo, zimejengwa kwa ramani ileile ya Dar es Salaam na Morogoro: bati juu, matundu ya hewa ukutani, madirisha ya kioo kimoja na mlango ulioacha uwazi wa vidole viwili chini. Dohani hakuna. Ndiyo maana ikifika saa mbili usiku watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani.

Jiko hilo ndilo lililonifanya niandike. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika chembe nyekundu za damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Wengi wanaamini kwamba mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, hatari imeisha. Si kweli. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa gesi hiyo, na aliyelala hapati nafasi ya kushtuka: kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuwa mzito, basi. Ukiamka usiku na kichwa kinagonga huku jiko liko ndani, toa watu wote nje kwanza, maswali baadaye. Hita ndogo ya umeme haitoi gesi hiyo kabisa. Ina hatari zake, lakini ni hatari unazoweza kuziona na kuzizuia, na mwongozo huu unahusu hizo.

Jambo moja lieleweke kabla ya kwenda dukani. Hita ndogo haipashi nyumba joto. Inapasha chumba kimoja, kwa saa chache, kwa ajili ya watu waliomo. Anayeinunua akitarajia nyumba nzima ipate joto atalalamika kwamba hita mbovu na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inaisha, na yote mawili atakuwa ameyasababisha mwenyewe.

Hatua ya kwanza: kizuie chumba kisipoteze joto

Chagua chumba kimoja, kile mnachokaa jioni au mnacholala, na uanze na hicho. Simama ndani usiku wenye upepo, pitisha kiganja kando ya fremu ya dirisha, chini ya mlango na pale ukuta unapokutana na bati. Utausikia upepo unakoingilia. Chini ya mlango weka kitambaa kilichokunjwa na kushonwa kama mto mrefu mwembamba, ukijaza vipande vya nguo kuukuu. Nyufa za fremu ziba kwa puti au silikoni ya dukani. Dirishani tundika pazia zito linalofika chini, na lifungwe kabla jua halijazama, wakati chumba bado kina joto la mchana.

Dari ndilo jambo kubwa kuliko yote. Hewa ya moto hupanda juu, na chini ya bati tupu inapoa mara moja. Kuwasha hita kwenye chumba kisicho na dari ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kama fedha yako ya mwaka huu inatosha kitu kimoja, hita kubwa au silingi bodi ya chumba cha kulala, mimi ningesema piga silingi bodi, kisha nunua hita ndogo mwakani. Asiyeweza kabisa atandaze hata turubai au mikeka safi juu ya kenchi za chumba hicho, mbali na nyaya na taa.

Matundu ya hewa usiyazibe yote. Hita haihitaji hewa, watu wanaihitaji, na chumba kilichozibwa kabisa kinatoa jasho ukutani na kuota ukungu. Na kama kuna siku umeme utakatika na mtu akashawishika kurudisha jiko ndani, matundu hayo yanaweza kupunguza hatari, ingawa jiko halipaswi kurudi.

Hatua ya pili: ujue umeme wa nyumba yako kabla ya kununua

Hapa watu wanaruka, na hapa ndipo nyumba zinapoungua.

Hita ni mzigo mzito. Taa ya LED inakula wati 9, televisheni wati 60 hadi 100, hita inakula wati 1,000 mpaka 2,000 mfululizo. Kwenye umeme wetu wa volti 230, hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 8.7. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa, yenye fyuzi ya ampea 13, inaubeba mzigo huo vizuri, mradi soketi iwe nzima, waya wa ukutani uwe wa milimita za mraba 2.5 na mistari isiwe imeunganishwa kwa kusokotwa na selotepu juu ya dari. Nyumba zilizoongezewa vyumba kidogo kidogo mara nyingi zina soketi zilizochomolewa kutoka kwenye laini ya taa, ambayo waya wake ni mwembamba. Laini hiyo haikupangiwa hita.

Mwite fundi umeme mwenye leseni aangalie mambo manne: unene wa waya unaokwenda kwenye soketi utakayotumia, sakiti breka ya laini hiyo, waya wa ethi kama umefika kweli ardhini, na viungio vya soketi kama vimekazwa. Skrubu iliyolegea ndani ya soketi inatosha kuyeyusha plastiki bila breka kukata, kwa sababu breka huona umeme kuzidi, haioni kiungio kinachopata moto.

Kama breka inakata kila ukiwasha hita, usimwombe fundi aweke kubwa zaidi. Breka inakata ili waya usiungue. Punguza mzigo: zima birika, zima pasi, teremsha hita kwenye kiwango cha chini.

Wenye sola za nyumbani, hita si chombo chenu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikiwa imejaa pomoni, ina yuniti 1.2 tu. Hita ya wati 1,000 ingeimaliza kwa saa moja na kidogo, na betri yenyewe ingeharibika. Friji gadi nazo na stabilaiza ndogo nyingi hazikutengenezwa kwa mzigo huu. Soma ampea zilizoandikwa nyuma kabla ya kuchomeka.

Hatua ya tatu: chagua aina kulingana na matumizi

Muuzaji atakwambia kwamba hii inapasha moto zaidi kwa umeme mdogo. Usimsikilize. Hita zote za waya wa moto, iwe ya rodi, ya feni au ya mafuta, hugeuza yuniti moja ya umeme kuwa joto la yuniti moja. Tofauti iko kwenye namna joto linavyokufikia.

Hita ya rodi, ile inayong'aa rangi ya machungwa, inapeleka joto moja kwa moja mwilini kama jua. Unaisikia ndani ya dakika moja hata hewa ya chumba ikiwa bado baridi. Inamfaa mtu anayekaa sehemu moja: mwanafunzi mezani, fundi cherehani, mzee kwenye kiti chake. Nyingi zina rodi mbili au tatu za wati 400, unawasha moja moja. Ubaya wake ni kwamba uso wake ni mkali sana, na kitambaa kikiugusa kinashika moto.

Hita ya feni ni ndogo, ya bei nafuu, na inachanganya hewa ya chumba haraka. Inafaa kupasha chumba cha kulala nusu saa kabla ya kulala. Ina kelele, inakausha midomo na ngozi, na inavuta vumbi. Usiifikirie kwa kazi ya usiku kucha.

Hita ya mafuta, ile yenye mapezi kama redieta ya gari, inachukua robo saa au zaidi kupata moto, lakini joto lake ni la upole, haina mwali wala waya uliowazi, na ukiizima inaendelea kutoa joto kwa muda. Mafuta yaliyomo hayaishi wala hayaongezwi. Ukiona yanavuja, hita hiyo imekwisha. Kwa chumba cha kulala chenye mtoto au mgonjwa, hii ndiyo ninayoipendekeza hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Kwa ukubwa, chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari kinatosheka na wati 900 mpaka 1,000. Kanuni ya haraka ni wati 100 kwa kila mita ya mraba. Bila dari, kanuni hiyo haifanyi kazi na hakuna hita ndogo itakayokutosha. Hapo chukua ya rodi ikupashe wewe mwenyewe badala ya hewa.

Dukani geuza chombo usome kibandiko. Iandikwe volti 220 hadi 240. Hita zilizotoka Marekani huwa za volti 120, na ukizichomeka hapa nguvu haziongezeki mara mbili tu, zinavuta zaidi ya mara tatu na nusu ya nguvu zake na kuungua papo hapo. Tafuta alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Shika waya: uwe mnene, mgumu kidogo, wenye nyuzi tatu kama mwili wa hita ni wa chuma. Mwombe muuzaji aiwashe, kisha iinamishe taratibu upande mmoja. Hita nzuri inajizima yenyewe ikianguka. Isiyojizima irudishe kwenye rafu, hata kama ni nusu bei. Mtumba nao ukaguliwe hivyohivyo, na zaidi uangalie plagi kama ina alama ya kuungua au rangi iliyogeuka kahawia.

Hatua ya nne: iweke mahali pake

Sakafuni, pasawa, si juu ya stuli, kitanda wala zulia lenye manyoya. Mita moja kila upande pasiwe na kitu kinachoungua: pazia, neti, godoro, nguo, magunia, mafuta ya taa. Pima kwa hatua moja ndefu ya mtu mzima. Neti ya mbu ndiyo inayosahaulika zaidi, maana mchana imefungwa juu na usiku inashuka ikitanuka hadi karibu na hita.

Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zimeandikwa ampea 13 nje, ndani zina waya mwembamba kama wa chaja. Ukilazimika kabisa kutumia ekstensheni, iwe fupi, yenye waya mnene, ifunguliwe yote isibaki imeviringwa, isipite chini ya zulia, na isichomekwe kitu kingine chochote. Ya matundu manne yenye televisheni, simu na hita kwa pamoja ni moto unaosubiri siku yake.

Usitumie bafuni. Usianike nguo za mtoto juu yake, jambo linaloonekana dogo wakati wa mvua za Makete ambapo nepi hazikauki siku tatu. Anika kwenye kamba upande wa pili wa chumba. Hewa ikipata joto zitakauka, polepole.

Hatua ya tano: iwashe kwa mara ya kwanza

Siku ya kwanza iwashe mchana, dirisha wazi, ukiwa umekaa nayo. Itatoa harufu ya rangi na vumbi kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha itaisha. Harufu ya plastiki inayoungua haitarajiwi. Hiyo ukiisikia zima ukutani na uchomoe.

Baada ya dakika ishirini, zima, chomoa, na uguse miguu na mwili wa plagi. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa imepata moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, soketi au plagi ina kiungio kibovu, na hita isitumike hapo tena mpaka fundi aje. Rudia kipimo hiki kila baada ya wiki chache, kwa sababu viungio hulegea kwa kupata moto na kupoa.

Ukiona usiku hita inafifia, si lazima iwe imeharibika. Saa moja hadi saa tatu usiku volti hushuka mitaani kwa kuwa kila mtu amewasha. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, hita ya wati 2,000 inabaki na kama wati 1,370. Subiri au washa mapema zaidi, saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya sita: piga hesabu ya LUKU

Wati 1,000 kwa saa moja ni yuniti moja. Kwa bei zilizopitishwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa yuniti, na ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA inafika kama shilingi 356. Kujua yako, chukua risiti ya mwisho, gawanya fedha ya umeme kwa idadi ya yuniti.

Hita ya wati 1,000 saa mbili kila usiku ni yuniti 60 kwa mwezi, kama shilingi 21,400. Hita ya wati 2,000 saa nne kila usiku ni yuniti 240, zaidi ya shilingi 85,000. Hita ni ileile ya dukani, tofauti ni kiwango na saa.

Walio kundi la D1, la nyumba zenye matumizi madogo, wawe makini zaidi. Kundi hilo hulipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa yuniti 75 za mwanzo za mwezi, na zinazozidi hapo ni shilingi 350 kila moja. Yuniti 60 za hita zinakuachia 15 tu kwa taa, redio, pasi na friji kwa mwezi mzima. Ukizidisha mwezi baada ya mwezi unaweza kuhamishiwa T1, na baridi ikiisha bei ya juu inabaki nawe. Kwa nyumba ya D1 nashauri hita itumike saa moja kwa siku, kiwango cha chini, na usiku umaliziwe kwa njia ninayoieleza hapa chini.

Hatua ya saba: pasha chumba, kisha lala bila hita

Washa nusu saa au dakika arobaini kabla ya kulala, mlango umefungwa. Kama ina themostati, yaani kidhibiti joto, usiipeleke mwisho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba zisishuke chini ya nyuzi 18 za Selsiasi wakati wa baridi, na chumba chenye nyuzi 18 na blanketi mbili kinalalika vizuri.

Wakati hita inafanya kazi, chemsha lita moja na nusu ya maji kwenye birika la umeme. Itakula kama yuniti 0.15, yaani shilingi zisizofika 60. Acha yatulie dakika chache, jaza robo tatu ya chupa ya mpira ya maji ya moto, toa hewa, kaza kifuniko, ifunge kwa taulo na uiweke miguuni kitandani. Kwa mtoto, itumie kupasha shuka tu, kisha iondoe kabla hajalala.

Kisha zima hita ukutani na uchomoe plagi, kila usiku. Kuzima kwa kitufe cha hita hakutoshi, na sababu yake ni ya kwetu kabisa: umeme hukatika hita ikiwa imewaka, watu wanajifunika na kusahau, na saa nane usiku au kesho mchana unarudi wakati hakuna mtu, nguo imetupwa karibu. Umeme ukikatika, kitu cha kwanza kabla ya kutafuta tochi ni kuchomoa hita.

Anayelazimika kuiacha usiku, labda kwa mgonjwa au mzee asiyeweza kujipasha joto, atumie hita ya mafuta pekee, yenye themostati, kwenye kiwango cha chini, na mtu mwingine awemo chumbani humo akiangalia mara kwa mara. Kichanga asielekezewe hita usoni wala kitanda chake kisisogezwe karibu. Avalishwe nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, na umguse shingoni kwa nyuma. Akitoa jasho, amezidiwa joto, punguza.

Ikitokea moto

Usimwagie maji hita iliyochomekwa. Kata meni switchi kwanza kama njia iko salama, toa watu, funga mlango wa chumba kinachoungua na piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Moto mdogo wa hita iliyokwisha katwa umeme unaweza kufunikwa kwa blanketi zito lililolowa.

Baridi ikiisha

Mwezi wa tisa, hita ikiwa imepoa na imechomolewa, futa vumbi kwa brashi kavu. Ile ya feni ipulize matundu yake mpaka yawe safi, maana vumbi la barabara zetu likijaa humo hita inajizima ovyo au inanuka. Kagua waya kuanzia plagi mpaka mwilini, hasa pale unapoingia kwenye hita, ambapo huanza kupasuka. Usiuzungushe mwilini ukiwa umeuvuta. Ihifadhi ndani ya boksi, mahali pakavu, ya mafuta ikiwa imesimama wima. Juni nyingine, kabla baridi haijakolea, anza tena na kipimo cha dakika ishirini na mkono kwenye plagi.